Ananitembeza Mjini Kama Mgeni Wake

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu alitangulia kuhamia huku, mji wa bahari, kwa ajili ya kazi. Mimi nilibaki namalizia mkataba wangu, tukaishi kwa simu zaidi ya mwaka. Sasa nimefika. Kila Jumamosi lazima anitoe: leo mnara wa taa, wiki ijayo gati ya zamani, wiki nyingine daraja. Anatangulia hatua mbili mbele, anaeleza, anasalimiana na watu nisiowajua, mimi nipo nyuma natabasamu. Nyumbani nako, nikifungua kabati kutafuta kikombe, anainuka: "Ngoja nikuonyeshe." Juzi nilisema nimechoka, nataka kulala tu. Akanuna mpaka usiku. Nilikuwa na hamu naye mno alipokuwa mbali. Mbona sasa ananichosha? Ndoa yangu ina walakini?*
*Mgeni Nyumbani Kwake*

Marahaba mwanangu. Walakini siuoni. Ninachokiona ni nyumba yenye mwenyeji mmoja, na huyo mwenyeji ana furaha iliyopita kiasi.

Mimi ni mke wa baharia, kwa hiyo nimekaa upande wa mumeo. Mzee akirudi kutoka safari, mimi ndiye niliyekuwa najua kila kitu kilipo. Akivuta droo kutafuta bisibisi, nimeshafika. Nilidhani namhudumia. Siku moja hakusema neno, alichukua nyundo akagongomea msumari nyuma ya mlango, akatundika kofia yake. Ulikuwa mbaya, umepinda, tena umetoboa rangi mpya. Lakini tangu siku hiyo aliacha kuniuliza kitu kiko wapi. Nawe tafuta msumari wako. Toa vyombo vyote kabatini, mvipange upya wawili, na vikombe vikae unapotaka wewe, hata kama yeye ndiye atakayevitafuta kwa wiki nzima.

Kuhusu kuchoka, usijitie hofu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Laura Stafford na wenzake, walichapisha uchunguzi juu ya wapenzi vijana waliokuwa wakiishi mbali mmoja na mwenzake kisha wakaja kuishi karibu. Takribani theluthi moja ya waliokutana tena waliachana ndani ya miezi mitatu. Hao walikuwa wapenzi tu, ndoa ni jambo jingine, lakini malalamiko yao ungeyatambua: uhuru umepungua, muda wa peke yako haupo, na yule wa kwenye simu alikuwa mpole kuliko huyu wa sebuleni. Kwenye simu mtu huchagua saa ya kuwa mzuri. Sebuleni hachagui.

Sasa turudi kwenye huo mnara wa taa. Umewahi kumuuliza kwa nini anakupeleka huko? Mtu aliye peke yake katika mji wa maji huishia ukingoni siku za mapumziko, kwa sababu ndipo pa kukaa bila kuulizwa unangoja nani. Huenda hapo gatini ndipo aliposimama akiongea nawe. Muulize: "Siku ile uliponipigia upepo ukawa unavuma kwenye simu, ulikuwa wapi?" Mwache akuonyeshe hapo, msimame pamoja. Nadhani ndicho anachokitafuta kila Jumamosi, ila hajui kukisema, anakueleza urefu wa daraja.

Baada ya hapo ziara za mwongozo zikome. Mwambie mapema, tena asubuhi akiwa ameshiba. Usimwambie njiani miguu ikiwa inauma.

Na ukweli ni kwamba mumeo haujui mji. Anajua njia ya kazini, duka moja, na sehemu za upweke wake. Mji uliobaki ni wenu wote wawili kuufungua. Kama kuna kivuko cha abiria wa kawaida (achana na boti za watalii, zinarudisha watu palepale), pandeni mpaka kituo cha mwisho ambacho hata yeye hajawahi kushuka. Simu mfukoni. Mkipotea, mtakuwa mmepotea sawasawa, na utaona jinsi hatua mbili za mbele zinavyokwisha.

Halafu jifunzeni maji. Pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa mbali sana. Mwezi ukionekana nusu huja maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Chagueni kipande kimoja cha ufuko mkitembelee maji yakiwa yamekupwa, kisha yakiwa yamejaa. Pale mlipotembea juu ya mchanga hamtapaona. Tafuteni jedwali la maji la mji wenu, na wewe ndiye ulishike. Mtu anayejua maji yatarudi saa ngapi haongozwi na mtu.

Mwisho, toka peke yako siku moja ya juma. Rudi na mahali ambapo yeye hapajui, umpeleke, na utangulie wewe.

*Shangazi, mke wangu amenifuata kwenye mji wa ziwa baada ya kutengana kwa masomo. Mimi majini ni samaki, yeye hajui kuogelea na hataki hata kupanda mtumbwi. Nimsukume kidogo azoee?*
*Samaki*

Usimsukume, si kwa mkono wala kwa maneno. Akitaka kujifunza, atafutiwe mwalimu na bwawa lenye kina cha kiunoni. Mume si mwalimu wa kuogelea, nimeona ugomvi wake. Siku atakapokubali chombo, avae jaketi okozi lililomkaa sawasawa, na wewe uvae lako ili asione ni adhabu. Kwa sasa tembeeni ukingoni jioni. Na ukikuta bendera nyekundu imepandishwa ufukweni, samaki naye abaki nchi kavu.