Bakuli zuri, supu baridi

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikuta na upawa mkononi. Mmeuliza: ni mkahawa gani uliouendea kwa hamu ukatoka umevunjika moyo, na kosa lilikuwa wapi? Mkahawa sitautaja. Na mimi ni muuza chakula, najua jina likishachafuka halisafiki kwa sabuni. Lakini kosa nitalieleza, tena kwa urefu, maana ni kosa la kazi yangu mwenyewe.

Mimi huuza supu hapa Lamu, upande wa Langoni. Miguu na vichwa vya mbuzi, mara nyingine ng'ombe. Sufuria hupanda motoni baada ya isha, ikatokota usiku kucha kwa makaa machache, na alfajiri watu wakitoka msikitini huikuta iko tayari. Bakuli shilingi 100, ndimu na pilipili bure, chapati ina hesabu yake. Ni kazi ya mtu mmoja na usingizi wa vipande vipande.

Binti yangu anafanya kazi Nairobi, mambo ya hesabu. Alipopata mshahara wake wa kwanza alinipigia simu: "Baba, ukija safari hii nakupeleka mahali pa rameni." Nikamuuliza rameni ndiyo nini. Akasema ni supu yenye tambi, ya Kijapani, vijana wote wa mjini sasa wako huko. Mama yangu alikuwa kando akisikia. Kwetu tambi hukaangwa kwa samli mpaka zikawa nyekundu, zikatiwa sukari, iliki na zabibu kavu, zikaliwa na chai. "Tambi ndani ya supu?" akauliza. "Na iliki wataitia wapi?"

Nikaenda. Boti mpaka Mokowe, basi usiku na mchana, mgongo ukalalamika wee mpaka ukachoka.

Njiani kwenye matatu binti akanisomesha. Rameni, alisema, asili yake ni tambi za ngano za Wachina zilizovuka bahari na wahamiaji mpaka Japani. Mwaka 1910 palifunguliwa Asakusa, mjini Tokyo, duka lililoitwa Rairaiken, mwenyewe Mjapani lakini wapishi wake Wachina kutoka Yokohama, na hapo ndipo tambi hizo zilipopendwa na watu wa kawaida. Baadaye sana, 1958, Momofuku Ando akatengeneza zile za kukaushwa zinazoiva kwa maji moto tu. Kumbe tambi za pakiti wanazopikiana wanafunzi ni mjukuu wa chakula hiki! Nikafurahi. Chakula chenye safari ndefu namna hiyo huwa kimenyooshwa na mikono mingi.

Mlangoni nikaona taa za rangi, maandishi ya Kijapani ukutani, na ukuta mzima wenye vishubaka, kila kishubaka na bakuli lake. Nikacheka kimoyomoyo. Mwamu, yaani mtu wa Lamu, hashangai bakuli la Kichina ukutani: nyumba zetu za mawe zina zidaka zilizochongwa kwa chokaa, na humo ndimo bibi zetu walimopanga mabakuli na sahani zilizokuja na majahazi. Kule Shanga, kisiwani Pate, waliochimba magofu waliokota vigae vya vyombo vya China vya karne nyingi nyuma. Basi nikasema moyoni, hapa niko kwa jamaa.

Binti alikuwa amepiga simu siku mbili kabla kuuliza kama kuna supu isiyo na nguruwe. Akaambiwa ipo ya kuku. Kufika, cha kwanza kwenye menyu ni tonkotsu, na tonkotsu ni mifupa ya nguruwe, ndiyo fahari ya watu wa Fukuoka. Sina ugomvi na hilo, kila mtu na chungu chake. Nikamuuliza kijana aliyetuhudumia, hii nyingine ya chini ni mifupa ya nini?

"Ya kuku, nafikiri."

Nafikiri! Kwa Mwislamu aliyekaa mezani na njaa, hilo si jibu. Akaenda jikoni, akarudi, "Ni kuku, mzee, nguruwe ni ile ya kwanza tu." Nikamuuliza kama tambi zote huchemshwa maji mamoja na kama upawa ni mmoja. Akaenda tena. Hakurudi. Alikuja mwenzake, akatuuliza kama tuko tayari kuagiza. Yai pia lilitupita, maana huloweshwa kwenye sosi ya soya iliyotiwa mirini, na mirini ni pombe tamu ya mchele. Hilo binti alilipata kwenye simu yake. Aliyekuwa akiliuza hakulijua.

Tukaishia kula ile ya mboga na miso, yaani soya iliyochachushwa. Ilikuja vuguvugu. Siku hiyo nikaisamehe, nikasema labda ni kwa sababu ya maswali yangu.

Linaloniuma hapo ni kwamba anayebeba bakuli hajui lililomo. Ukinisimamisha barabarani saa sita ya mchana, sufuria iko nyumbani imefunikwa, nitakwambia mbuzi ametoka Hindi au Witu, miji yetu ya upande wa bara, nani kamchinja, na chumvi nimetia mara ngapi.

Miezi sita baadaye nikapanda tena Nairobi kwa shughuli ya macho. Binti akashikilia turudi palepale. Mpishi amebadilishwa, anasema, sasa kuna supu ya kuku yenye sufuria yake na upawa wake, na yai wanaloweka kwa soya na sukari tu, ameuliza mwenyewe. Yote hayo yalikuwa kweli, na ninawashukuru. Nikaenda na moyo mweupe.

Tulisimama foleni dakika arubaini. Sawa, supu nzuri husubiriwa. Tukapewa viti vya mbele ya jiko, jiko la wazi kabisa, na kwa mtu wa kazi yangu hapo ni bora kuliko kukaa kwenye jukwaa la maulidi. Nikaacha kusikiliza muziki nikatazama mikono.

Wapishi walikuwa wepesi, sitawadhulumu. Tambi zinaingia kwenye maji yanayochemka ndani ya vichujio virefu, dakika moja na nusu hivi, zinatikiswa, zinatumbukizwa kwenye bakuli. Supu juu yake. Mapande ya kuku, kitunguu cha majani kilichokatwa kama nywele, nusu mbili za yai. Mpaka hapo hakuna la kusema. Bakuli likawekwa kwenye ubao mrefu wa mbele, chini ya taa.

Likakaa.

La pili likaja likakaa ubavuni mwake. Ilikuwa oda ya watu watatu, na la tatu halijawa tayari kwa sababu tambi zilikuwa zimekwisha kwenye trei na mtu amekwenda kuzitoa kwenye friji. Mhudumu wa meza hiyo alikuwa akiwashikia simu wateja wengine wapigwe video. Nikahesabu kimya kimya kama ninavyohesabu nikitia chumvi. Bakuli la kwanza lilikaa zaidi ya dakika sita. Tambi hazikai bure, zinakunywa: supu ikashuka ukingoni, tambi zikapanda. Lilipofika mezani, wale watu nao wakalipiga picha kwa juu, kwa pembeni, na vijiti vikiwa vimenyanyuliwa.

Langu halikusubiri sana, lakini nalo lilikuwa na dosari yake, na ile nadhani wengi hawaioni. Mabakuli yenyewe ni ya udongo mnene, mazuri, mazito kama kinu, na yalikuwa yakitolewa rafuni yakiwa baridi. Bakuli nene la baridi hunywa moto wa supu kabla mtu hajanyanyua kijiko. Wapishi wa rameni kule Japani hulimiminia bakuli maji ya moto kwanza, likapata joto, ndipo wakatia supu. Mimi sijasoma Japani, lakini mabakuli yangu hukaa yamefudikizwa juu ya mvuke wa sufuria tangu alfajiri. Huhitaji cheti kwa hilo, unahitaji kuwa umewahi kunywa supu yako mwenyewe asubuhi ya kusi kali.

Na yai! Kiini chake kilikuwa rangi ya asali, kimeganda nusu, kitamu kweli, pengine ndicho kitu kitamu kuliko vyote mle. Lakini limetoka kwenye friji moja kwa moja. Kutia nusu mbili za yai la namna hiyo kwenye supu ni kama kutia barafu.

Nikaijaribu supu kwa kipimo cha kwetu. Supu iliyoiva, ukimaliza funda la kwanza ukafumba mdomo, midomo inashikana kidogo. Hiyo ni gundi ya mifupa na kano, ndiyo inayolipwa. Wajapani wana supu nyeupe ya kuku inayochemshwa kwa moto wa nguvu saa nyingi, mafuta na gundi hiyo vikavurugika pamoja mpaka ikawa kama tui. Kwangu mimi supu ikichafuka hivyo ni aibu, mteja atauliza kama nimelala. Wao wameikusudia, na nilitamani sana kuionja. Hii ilikuwa nyeupe. Midomo haikushikana. Sijui weupe ule ulitoka wapi, na juu yake hapakuwa na utando wa mafuta wa kuzuia moto usitoke. Watu wa Sapporo, kwenye baridi ya theluji, huacha utando huo makusudi, uwe kifuniko.

Halafu ukimya. Tambi hizi kwao huvutwa kwa sauti, fyuuu, na si utovu wa adabu. Hewa inapoza tambi na harufu inapanda. Wazee wangu wa asubuhi nao hupiga funda likasikika ng'ambo ya kichochoro. Mle ndani sikusikia hata fyu moja. Nadhani hakukuwa na cha kupoza.

Bakuli moja shilingi 1,400. Mawili ni mabakuli 28 ya kwangu. Binti akalipa kwa simu, akanigeukia mato yanang'aa.

"Ikoje, Baba?"

"Nzuri, mwanangu."

Mhariri, hapo ndipo nilipodanganya, na pengine ndiyo sababu nimekaa kuandika yote haya.

Niliporudi Lamu jambo likanikaa kichwani. Nikampigia binti nikamuuliza tambi zile zinakuwaje za manjano na za kuvutika bila yai. Akaniletea jawabu kesho yake: unga wa ngano, chumvi, na maji yaliyotiwa kitu wanachokiita kansui. Nikamuuliza kansui ni nini. Akasoma: chumvi za kabonati, za sodiamu na potasiamu, zamani zilitoka kwenye maziwa ya magadi kule Mongolia ya Ndani, China.

Magadi! Yaleyale tunayolainishia maharagwe, yanayochimbwa kwenye ziwa letu wenyewe kule Kajiado! Nilicheka mpaka mama akaja mlangoni. Nikaenda dukani nikanunua bonge la shilingi 20, nikaliloweka, mchanga ukatulia chini, nikachuja kwa kitambaa. Nikakanda unga kwa maji hayo. Unga ukageuka manjano mbele ya macho yangu, na ukawa mgumu kama mpira. Ilibidi nitumie chupa na uzito wa mwili kuusukuma. Supu nikaifanya ya miguu ya kuku, moto wa nguvu, usiku mzima, makaa yakaniisha.

Mara ya kwanza nilizidisha magadi. Mama alionja uzi mmoja, akautema kwenye kiganja kwa heshima. "Hii mwanangu ni ya kufulia kanzu. Nipa mai."

Mara ya pili nikapunguza mpaka vijiko viwili vya maji yale kwa nusu kilo ya unga. Hiyo ilikuwa wiki ya Idd, binti yuko nyumbani. Nikatoa bakuli kwenye mvuke, la kawaida tu, lile la maua ya bluu lililomeguka ukingo. Nikatia supu kwanza, tambi juu yake, ndimu nusu, pilipili. Sikupamba. Nikamwambia ale sasa hivi, asinisubiri.

Hakutafuta simu. Akavuta, fyuuu, akaungua ulimi, akavuta tena. Alipofika katikati akasimamisha uma.

"Baba, ile ya Nairobi ilikuwa baridi."

"Ilikuwa baridi."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Mimi nilikuwa nimelipa."

"Na mimi nilikuwa nimelipiwa."

Akainamia bakuli tena.