Kuondoka Kwenye Taa na Gari la Tabo, Nakuru Hadi Kisumu

Kijana mmoja wa Kisumu, anayeshindana kama mimi katika mbio za magari mawili mawili za mita 402 zinazoanza kwa taa, ameniandikia: "Kaka, gari langu lina nguvu kuliko yote ninayoshindana nayo, lakini pale kwenye taa naachwa. Ninunue tabo kubwa?" Usinunue, ndugu yangu. Tabo (turbo) ni ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Nakujibu hapa ili wengine nao wasome, maana jambo hili limenikaa rohoni kwa miaka.

Nilipoanza na Subaru Impreza WRX yangu ya lita 2, fundi mmoja hapa Nakuru aliniambia mbele ya watu kwamba gari langu ni la kupeleka watoto shule, na bila tabo kubwa nisijisumbue kuja mashindanoni. Maneno yale sijayasahau. Jumapili iliyopita nilipangwa na gari lililotoka gereji kwake, lenye tabo kubwa kweli kweli. Nililiacha hapo hapo mwanzoni. Lilikuja kwa kasi baadaye, likanikaribia, lakini mita 402 zikaisha nikiwa mbele.

Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Kupandisha mizunguko ya injini gari likiwa huru kunatoa kelele nyingi na moshi kidogo, kwa sababu injini haijabeba mzigo. Na kabla tabo haijaamka, injini hizi za WRX ni dhaifu, mgandamizo wa hewa ndani yake ni kama 8 kwa 1 tu. Sasa ongeza mwinuko. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Tabo kubwa, yenye gurudumu zito, huchelewa zaidi kuamka. Basi pima mwenyewe ushauri wa yule fundi ulikuwa unanipeleka wapi.

Ndiyo maana nawasihi vijana waache kunakili mizunguko ya kuondokea kutoka kwenye video za watu walio usawa wa bahari. Mimi Nakuru naondokea mizunguko karibu 5,000 kwa dakika. Nikiteremka Kisumu, karibu mita 1,130, hewa ni nzito zaidi, tabo inaamka mapema, kwa hiyo napunguza, la sivyo tairi zinazunguka bure. Hata namba yangu usiichukue. Tafuta yako, hapo hapo unaposhindania.

Kazi kubwa iko mguu wa kushoto. Gari linalovuta kwa magurudumu manne halitelezi kirahisi, kwa hiyo ukiachia klachi yote kwa mpigo, kishindo chote kinaishia kwenye gia, na giaboksi ya gia 5 ya WRX inajulikana kwa kuvunjika meno namna hiyo. Ukiiachia polepole mno, unaiunguza. Iachie haraka mpaka pale inaposhika, izuie hapo kidogo gari likianza kusogea, mguu wa kulia ukiwa umekanyaga mafuta mpaka chini. Huo ndio mzigo ambao tabo ilikuwa inausubiri. Ukisikia inavuta, malizia klachi. Mguu huo haununuliwi dukani, na hilo ndilo wenye pesa hawataki kusikia.

Wenye kompyuta ya kukata moto wa plagi wakati wa kuondoka wanaamsha tabo gari likiwa bado limesimama, lakini joto lake ni kali sana kwa ekzosi na kwa tabo yenyewe. Sekunde chache zinatosha. Na kwenye foleni ya kusubiri mbio, zima injini: kipoza hewa inayotoka kwenye tabo (intercooler) cha WRX kimekaa juu ya injini na kinachemka kabla hujaitwa. Kimwagie maji.

Kuhusu taa, saa ya gari lako inaanza pale gari linapotoka kwenye mwali wa mwanga uliopo mstari wa kuanzia, si pale kijani kinapowaka. Unaweza kuwa na muda mzuri na bado ukashindwa kwa kulala, yaani kuchelewa kuondoka. Taa za njano zikiwaka moja moja kwa nusu sekunde, ondoka ya mwisho ikiwaka, usingoje kijani.

Mazoezi haya fanya pale barabara imefungwa rasmi. Ukija kuyafanya usiku pale Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, katikati ya malori, usiseme ni mimi niliyekufundisha.

Pesa uliyotenga kwa tabo, nunua klachi nzuri na tairi laini. Kisha kila mara uliza muda wako wa mita 18 za kwanza, uandike pamoja na presha ya tairi na mizunguko uliyoondokea, unitumie.