Barua kwa Mwanangu: Cheti Chini ya Kitanda

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, kwa sababu swali lililomo si la kujibiwa kwa haraka. Umeniuliza ni kitu gani mtu wa umri wangu, aliyezoea vitabu tangu ujana wake, anakipata katika michezo midogo ya kompyuta inayotengenezwa na watu wawili watatu, au hata na mtu mmoja peke yake. Ukaongeza, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, kwamba unaona uhuru wa mchezaji ni wa kudhaniwa tu, kwa kuwa kila njia anayoifuata ilikwisha kuchongwa na mwingine kabla yeye hajashika kipanya. Nitakujibu kwa michezo yenyewe, maana nikianza na nadharia nitakuchosha na mimi mwenyewe nitapotea njiani.

Nianze na Unpacking, uliotolewa mwaka 2021 na studio ndogo ya Australia iitwayo Witch Beam. Kazi ya mchezaji humo ni moja tu: kufungua maboksi baada ya kuhama, na kukitafutia kila kitu mahali pake, kuanzia chumba cha mtoto mwaka 1997 hadi nyumba ya mwaka 2018. Mwenye vitu hivyo hatokei chumbani ukamwona. Unamfahamu kwa vitabu vyake, kwa nguo zake, kwa vifaa vyake vya kuchorea ambavyo vinaongezeka kila anapohama. Nilipofika mwaka 2010 nilimkuta anahamia kwa mwanamume, na nyumba ya mwanamume huyo ilikuwa imekwisha kujaa. Nikaanza kusogeza vya mwanamume ili vya mgeni wangu vipate pa kukaa. Viatu vikapata, vikombe vikapata. Kikabaki cheti cha msichana huyo cha chuo kikuu, kilichotiwa kwenye fremu.

Naomba ukitazame cheti hicho pamoja nami. Kitu kilichowekwa pasipostahili huzungushiwa mstari mwekundu, nawe huwezi kuendelea mpaka mstari huo ufutike. Nilikipeleka ukutani, nikakuta kuta zimeshikwa na picha za mwenye nyumba. Nikakiegemeza huku, nikakipandisha kule, na kila mahali ule wekundu ukanifuata. Mwishowe nikakisukuma chini ya kitanda. Mstari ukatoweka, nami nikashusha pumzi kwa kuridhika, kama mtu aliyemaliza kazi vizuri. Kuridhika huko ndiko kulikonishtua. Nilikuwa nimefurahi kwamba kazi ya miaka ya mtu imepata nafasi pale ambapo haionekani.

Utasema, na utasema kweli, kwamba sikuwa na uhuru wowote: watengenezaji walikwisha kuamua kwamba cheti kitaishia pale. Lakini kama ningesoma jambo hilo kitabuni, ningemhurumia msichana yule kwa mbali, na pengine ningemlaumu kwa kukubali. Mkono wangu ulipokuwa unatafuta nafasi, sikuwa na wakati wa kumhurumia wala kumlaumu. Nilikuwa nafanya kile anachofanya mtu aliye katika hali ile, yaani kujipunguza kidogo kidogo kwa nia njema, ili mambo yaenee na nyumba ipendeze. Nilielewa jinsi mtu anavyoweza kufika huko bila kusukumwa na yeyote. Hakuna aliyenieleza hivyo. Nilikuwa nimekwisha kulitenda ndipo nikalijua.

Naamini udogo wa michezo hii una sehemu yake katika jambo hilo. Watu wachache hawawezi kuchora maelfu ya nyuso wala kuajiri waigizaji wa kuzisemea, kwa hiyo aliye hodari miongoni mwao huchagua tendo moja na kulibebesha mzigo wote. Katika Florence, mchezo wa mwaka 2018 unaochezwa kwa kidole kwenye simu, mazungumzo ya wapenzi wawili hupangwa kwa vipande kama vya fumbo la picha. Wanapozidi kuzoeana vipande vinapungua, na maneno yanakuja yenyewe. Siku wanapogombana vipande vinakuwa na ncha kali, nawe unajikuta unavipachika upesi upesi ili usizidiwe. Neno hata moja halisomeki, na bado kila aliyewahi kugombana na ampendaye ataitambua haraka ile.

Sisemi kwamba udogo peke yake ni sifa. Iko michezo midogo mingi ambayo imechukua huzuni kama pambo: unatembea polepole kwenye mvua, sauti inakusomea maneno mazito, na mikono yako haina kazi ila kusukuma kitufe cha kwenda mbele. Hiyo naizima bila majuto, kwa sababu kama ni kusikiliza tu, kitabu kingenitosha.

Sasa nirudi kwenye hoja yako ya uhuru, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nikae na kalamu muda mrefu. Mwaka 2013 Lucas Pope alitoa Papers, Please, mchezo ambao karibu wote aliutengeneza peke yake. Wewe ni mkaguzi wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwishoni mwa mwaka 1982. Unakagua pasipoti, unalinganisha tarehe na mihuri, kisha unagonga muhuri wa kijani au mwekundu. Unalipwa krediti 5 kwa kila mtu uliyemhudumia sawasawa, na jioni unagawa ulichopata kati ya kodi, chakula, joto la nyumba na dawa, kwa maana nyumbani una mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Ukikosea, mashine inatoa karatasi ya onyo. Mbili za kwanza kwa siku hazina adhabu, ya tatu inakukata mshahara.

Siku moja akaja mwanamume mwenye karatasi zilizokamilika. Akapita, na alipokuwa anapita akaniomba nimfanyie wema mke wake anayemfuata. Mke akafika, na kibali cha kuingia hana. Nilimgongea muhuri wa kijani. Mashine ikatoa karatasi yake ya onyo, nami nikajiona mtu mwema kwa jioni nzima.

Miezi kadhaa baadaye niliuanza mchezo upya. Safari hii, mwanamke yule alipofika dirishani, nilikuwa nimekwisha kukosea mara mbili siku hiyo kwa kutosoma tarehe vizuri, na usiku uliotangulia nilikuwa nimelala bila kuwasha joto. Nikagonga mwekundu. Sikusita sana, mwanangu, na hilo ndilo lililonikalia moyoni. Nilipotafakari nikaona kwamba hata ile mara ya kwanza nilikuwa nimemruhusu kwa sababu onyo lilikuwa bado halijanigharimu kitu. Niliyoiita huruma ilikuwa imesimama juu ya hesabu, na hesabu ilipobadilika, nayo ikaondoka.

Hapa ndipo ninapotofautiana nawe. Pope aliziandika njia zote mbili, ya kijani na ya nyekundu, na hakuna ya tatu niliyoibuni mimi. Lakini sababu iliyonipeleka kwenye kila moja hakuiandika yeye. Aliweka mizani mezani akaondoka, na kilichopimwa kilitoka kwangu. Mhusika wa kitabu akimfukuza mwanamke yule, naweza kukifunga kitabu na kusema mimi nisingefanya hivyo. Kwa Papers, Please siwezi kusema, kwa sababu nilifanya.

Uko mchezo mmoja zaidi ambao sitaki kuuacha, nao ni mfupi kuliko yote. Passage, wa Jason Rohrer, ulitoka mwaka 2007 na unachezwa kwa dakika 5. Kinachoonekana kwa wakati mmoja ni ukanda wa nukta 100 kwa 16 za skrini, na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliuingiza katika hazina yake mwaka 2012. Mtu mdogo anatembea. Akikutana na mwanamke anaweza kuungana naye, na tangu hapo wanakwenda bega kwa bega, wanazeeka pamoja, lakini hawawezi tena kupenya katika vichochoro vyembamba vyenye masanduku ya hazina.

Nilipokuwa naucheza mama yako alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akaniuliza, “Mbona hulichukui sanduku lile?” Nikamwambia hatupiti pale sote wawili. Akanyamaza. Dakika chache baadaye mwanamke wa kwenye skrini akawa kaburi, na yule mtu aliyebaki akawa anajikokota. Njia ya kwenda kwenye masanduku sasa ilikuwa wazi kwake, lakini sikuiendea. Mama yako alikuwa ameniwekea mkono begani, na tulikaa hivyo mpaka mtu yule naye akaisha. Siku ya pili nilicheza tena nikiwa peke yangu, nikamkwepa mwanamke, nikakusanya masanduku mengi, na sikumbuki hata moja lilikuwa na nini.

Hayo ndiyo ninayoyapata humo, na nimeyaandika kama yalivyonipata. Ukipata nafasi, anza na Unpacking, maana hauhitaji wepesi wa vidole wala haukufukuzi kwa saa. Nimekueleza habari ya mwaka 2010, lakini kile cheti kilikofikia katika nyumba ya mwaka 2018 nimekinyamazia kwa makusudi. Kichukue kwenye boksi kwa mkono wako mwenyewe, ukitafutie mahali, kisha uniandikie ulikokiweka.

Wako akupendaye,
Baba yako