Je, ni kweli gari la zimamoto huja bila maji?

Mleta mada ameuliza kwa nini gari la zimamoto la wilayani kwake hufika kwenye tukio likiwa halina maji. Nilikuwa askari wa zimamoto kwa miaka tisa katika kituo cha wilaya ndogo chenye gari moja tu, nami naomba nijibu kwa kirefu, kwa sababu tuhuma hii ilituumiza sana.

Zamu inapoingia asubuhi, kazi ya kwanza ni kukagua maji, mafuta, breki, pampu, mipira na mitungi ya hewa ya kupumulia, na gari lililotoka kwenye tukio haliegeshwi mpaka lijazwe. Letu lilibeba lita 4,000. Mpira mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, maji hayo yanakwisha kwa dakika 10. Mkifungua mipira miwili, ni dakika 5.

Usiku mmoja soko liliwaka. Tulipofika, vibanda vya mitumba vilikuwa vimeshateketea, kwa hiyo tulipambana kuuzuia moto usivuke kwenda kwenye maghala ya nafaka. Mpira wa mbele niliushika mimi, na ghafla ukalegea mikononi, maji yakawa yanadondoka tu miguuni pangu. Haidranti, yaani bomba la kujazia magari yetu, ilikuwapo hatua chache kutoka lango la soko, lakini mtu alikuwa ameimwagia zege na kujenga kibanda juu yake. Dereva akalazimika kwenda kujaza umbali wa kilomita tatu. Waliofika wakati huo waliona gari likiondoka huku moto ukiwaka, wakalirushia mawe, na kulipokucha mji mzima ulikuwa ukisema tumekuja na gari tupu.

Kuchelewa nako kuna sababu zake. Namba 114, ya kuita zimamoto hapa Tanzania, hupigwa bure, lakini wengi huipiga baada ya ndoo na mchanga kushindwa, paa likiwa limeshashika, kisha hukata simu wakiwa wamesema tu kwamba ni karibu na msikiti. Tunachohitaji ni jina la mtaa, kinachoungua, kama kuna mtu ndani, na mtu wa kutusubiri barabarani. Tena, jeshi hili, ambalo Sheria ya mwaka 2007 ililiweka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ni la zimamoto na uokoaji: gari hilohilo huitwa kwenye ajali za barabarani na kwa watu waliotumbukia visimani, na likiwa huko, kituoni hakuna jingine.

Ukitaka kujua hali ya wilaya yako, nenda kituoni uulize gari linabeba lita ngapi na haidranti ya karibu na mtaa wako iko wapi. Ukikuta imefunikwa, mpeleke mwenyekiti wa mtaa akaione kwa macho yake.