Mama anakunywa mwarobaini juu ya vidonge, na anazidi kukonda

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Ngamiani hapa Tanga, mama yangu ana miaka 61 na kisukari mwaka wa sita huu, anameza metformini na glibenklamidi. Toka Ramadhani jirani kamwambia mwarobaini unamaliza sukari kabisa, basi kila asubuhi anachemsha majani anakunywa kikombe kizima, na chakula kaacha, bada (ugali wa muhogo) hagusi wali hagusi, usiku chai ya rangi tu. Katoka kilo 68 hadi 57 na anafurahi eti sukari inatoka. Juzi alfajiri nimemkuta kaloa jasho, mikono inatetemeka, ananiita jina la marehemu dada yake. Kliniki hajasema, anaogopa kugombezwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya alfajiri imenishtua kuliko kilo, naanza nayo. Jasho, kutetemeka, kuchanganya majina, hapo sukari ilishuka. Ikitokea tena mpime kidole, ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au kipimo hamna, usingoje, koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji anywe, dakika 15 umwangalie tena, akipata nafuu ale kitu. Akizimia usimmiminie chochote mdomoni, mlaze ubavu mkimbilie hospitali ya Bombo. Na msiseme kapona mkarudi kulala, glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, mtu mzima ambaye figo zake zimechoka sukari inaweza kumshuka tena baada ya masaa. Kwa hiyo kliniki aende kesho, asisubiri tarehe ya kadi, na kidonge usimkatie wewe, waamue wao.

Mwarobaini siudharau. Majani yake yanashusha sukari kweli, na hata hiyo metformini anayomeza asili yake ni mmea, Galega, walioutumia wazee wa Ulaya kabla maabara hazijauchambua. Tabu ni kwamba kidonge kina miligramu zake, kikombe cha mama hakina, leo kashika majani konzi moja kesho mbili, leo kachemsha kidogo kesho mpaka maji yamekuwa meusi. Sasa weka kidonge, weka hicho kikombe, weka na tumbo tupu usiku kucha, vyote vinavuta sukari chini kwa pamoja.

Halafu kukonda. Kilo 11 mwanangu! Hiyo sio sukari inatoka. Ama ni njaa, ama sukari iko juu mchana na mwili ukishindwa kuitumia unakula mafuta na misuli yake wenyewe, ndo maana waombe kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kidole cha asubuhi moja hakitoshi kusema. Bada arudie, tonge la ukubwa wa ngumi yake, nusu sahani iwe mchicha au matembele au kisamvu kisichozama kwenye nazi, na kipande cha samaki. Usiku asilale na chai peke yake.

Kuhusu kugombezwa, naelewa, wengi wanaficha kwa sababu hiyohiyo. Nenda naye, mchuzi wa majani utie kwenye chupa, na majani mabichi funga kwenye mfuko, uanze kusema wewe yeye akiwa amekaa pembeni. Akifika mlangoni wamwekee mizani kwanza, hiyo 57 iandikwe kwenye kadi.