Ichane hiyo chati kabla ya Jumamosi

Mdogo wangu, unauliza ununue nyuzi nene au nyembamba na kapo (kile kibano cha shingo ya gita) uiweke wapi, na mimi macho yamenisimama kwenye ile sentensi yako ya mwisho: gita umeshalityuni DADGAD (yaani nyuzi, kuanzia ule mnene, ni D-A-D-G-A-D), una shoo ya hoteli Shela, na aliyekuuzia chati ya kodi za jazi kasema "shepu ni zilezile", yaani vidole vinakaa palepale kama kwenye tyuni ya kawaida. (Kodi za gita, noti kadhaa zinazolia pamoja. Zile nyingine lipa.)

Si zilezile! Mimi niliambiwa hivyohivyo, nikatoa elfu mbili.

Malindi, hoteli ya ufuoni, Waitaliano wamejaa, nyuma yangu besi na kinanda. Nikafungua na kodi ya Dmaj9 ya kwenye chati (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba, freti ni vile vyuma vya shingoni): uzi wa nne freti ya 4, wa tatu freti ya 6, wa pili freti ya 5. Kwa tyuni ya kawaida ni asali. Lakini DADGAD imeushusha uzi wa pili kutoka B hadi A, freti mbili nzima, kwa hiyo pale nilipotaka E ikalia D, imebanana na C# ya uzi wa tatu. Punda wawili wamekutana kichochoroni na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Nami, kwa akili zangu, nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Mwimbaji akageuka kunitazama. Wa kinanda akaondoa mikono, akafungua chupa ya maji, akanywa taratibu. Seti ya pili nikaambiwa nipumzike, na hadi leo napumzika. Ilikuwa kazi ya kila Ijumaa na Jumamosi, na chakula juu.

Muuzaji nilipompigia akanijibu eti jazi lazima ikwaruze kidogo. Kidogo! Yule wallahi hajawahi kulegeza uzi, labda wa kiatu.

Na usiilaumu tyuni. Mpiga gita Pierre Bensusan kajijengea jina humohumo kwenye DADGAD. Shida ni kubeba shepu bila kujua ndani yake mna nini. Tafuta noti ya tatu na ya saba kwanza (hesabu kwenye skeli kuanzia noti inayoipa kodi jina), ndizo zinazoitambulisha kodi. Ya kwanza na ya tano mwachie mtu wa besi, analipwa kwa hizo.

Shika gita sasa hivi. Uzi wa nne freti ya 4, hiyo F#, ndiyo tatu. Uzi wa tatu freti ya 6, C#, ndiyo saba. Uzi wa pili freti ya 7, E, ndiyo tisa. Dmaj9 imekwisha, vidole vitatu. Uzi wa tatu urudishe freti ya 5: D9. Na wa nne urudishe ya 3: Dm9. Umeona? Kidole kimoja kimoja. Ule wa kwanza ulio wazi ni D, kwenye Dmaj9 usiuguse, utawaita punda walewale. Ukitaka Gmaj9, ichukue ile Dmaj9 freti tano juu, nyuzi nyingine uzizibe.

Tatu na saba. Kodi yoyote ya Jumamosi ambayo huzijui zilipo, usiipige. Niandikie nyimbo zenyewe hapa leo usiku, nikuoneshe moja moja.