Dogo, funga hilo desa kwanza

Pole dogo, umesema uko mwaka wa kwanza hapo Moshi, desa (notisi) la baiolojia umelisoma mara nne na testi bado imekukamata, sasa unauliza ujipime vipi kabla ya UE, ule mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula. Aisee kurudia kusoma kunadanganya sana, macho yanazoea maneno afu unajiona umeelewa.

Funga desa, chukua karatasi tupu, jiulize kitu ambacho hakijaandikwa humo. Mfano hiyo migomba unayoiona ukipanda daladala ya Kibosho, uzito wote ule umetoka wapi? Wengi watakwambia kwenye udongo na samadi, hata mi nilijibu hivyo hivyo nikachekwa darasa zima, kumbe udongo unatoa madini kidogo tu, mgomba mbichi mwingi wake ni maji, na ukiukausha kinachobaki sehemu kubwa imetoka kwenye kabonidayoksaidi ya hewani kupitia usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mweleze bibi yako nyumbani, akikuelewa umeiva.

Kachumbari nayo, ukitia chumvi mbona inatoa maji? Hiyo osmosisi hiyo, maji kutoka ndani ya seli kupitia utando wake kufuata chumvi nje, eleza bila kuchungulia.

Mitosisi na miosisi, zile njia mbili za seli kugawanyika, acha kukariri majina ya hatua, chora seli yenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 4, mitosisi ikupe seli 2 zenye 4 kila moja, miosisi ikupe seli 4 zenye 2 kila moja, mchoro ukigoma ndo hapo pa kurudi kwenye desa.

Pasti pepa fanya pia, ila majibu mpe rumeti akufichie.